Atakapojaliwa: Neno Moja na Fremu Nne za Uyole

Ofisi nimeikabidhi. Funguo mbili, mhuri uliofifia upande mmoja, na kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haifunguki mpaka uipige teke upande wa kushoto. Ninyi vijana mliobaki mmeniomba niwaandikie nilichojifunza kuhusu watu wanaokopa kwa ndugu na marafiki ili wanunue viwanja na kujenga nyumba za kupangisha, kwa kuwa hao ndio wanaojaza benchi letu la nje. Nadhani mlitarajia kurasa mbili za ushauri. Ushauri upo, ila utakuja kwa mpangilio wa woga wangu, maana sina mpangilio mwingine. Wenzangu niliosoma nao sheria walikwenda kunguruma mahakamani. Mimi nilibaki nyuma ya meza nikisoma ukurasa mmoja kwa mara ya tano, nikiwa na uhakika kwamba kuna kitu humo ndani kitakuja kumuua mtu.

Nilianza kazi Iringa mjini, kwa Mzee Baltazari, wakili mwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, kwenye barabara inayopanda kutoka sokoni. Ulikuwa mwezi wa sita na mzee alikuwa amevaa koti, sweta na kofia ya sufu, akipiga taipureta kwa vidole viwili. Nilifika na shahada, Kilatini kidogo, na viatu vya kisigino visivyofaa kwa mji wa milima. Hakuniuliza chochote juu ya shahada. Alinipa karatasi aliyotoka kuichapa, makubaliano ya mtu aliyemkopesha mdogo wake hela ya kununua kiwanja.

"Soma."

Nikasoma. "Inaeleweka, mzee."

"Umeisoma kana kwamba watu wote wako hai," akasema. "Isome tena. Wote waliosaini wamekufa. Aliyekaa mbele yako ni shemeji wa mmoja wao. Amekuja na basi la kwanza, hajala, na hampendi mtu yeyote kwenye hiyo karatasi. Haya, soma."

Nikasoma tena, na karatasi ile ile ikageuka mbele ya macho yangu. Palipoandikwa "kiwanja chake cha kule juu" nikaona viwanja vitatu. Palipoandikwa "hela iliyobaki" sikuona hela yoyote. Palipoandikwa "mke wake anajua" nikajiuliza mke yupi, na anajua nini, na nani atamwamini akisema hajui. Mzee Baltazari alikuwa ananitazama juu ya miwani.

"Umeogopa?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Kaa chini, uichape upya."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu mimi, binti wa chuo, kama alivyozoea kuniita. Taipureta yake ilikuwa haina herufi "r", iling'oka, kwa hiyo mikopo yote tuliyoiandika msimu ule "itaejeshwa" kwa wakati, na jioni nilikuwa naketi na kalamu nyeusi nikiwarudishia wakopeshaji "r" zao mmoja mmoja.

Swali lake kwa wateja lilikuwa moja. Wakishaketi, wakishasalimiana, kamwene za Kihehe nyingi za kutosha, wakishaeleza udugu wao mpaka kwa babu, mzee aliuliza: "Hela hii inarudi au hairudi?" Watu walichukia. Walitazamana kama waliovuliwa nguo. Nilichukua muda kuelewa sababu. Kwetu mtu haendi kwa shangazi yake kusema "nikopeshe". Anasema "nishike mkono", au "nisogeze kidogo", au "niongezee bati". Shangazi naye akitoa, hasemi amemkopesha mtoto. Anasema amemchangia. Na mchango ni wa harusi, ni wa msiba, ni wa kumpeleka mtu hospitali. Haurudi, ingawa hausahauliki. Pengo lote la kazi yetu liko hapo: anayepokea anasikia zawadi, anayetoa anasikia akiba, na wote wametumia neno moja na wamekunywa chai pamoja.

Nilipohamia Mbeya nikapanga ofisi Uyole, kwa sababu ya kodi nafuu na kwa sababu ardhi ilikuwa inauzwa pande zote. Malori yalipita mchana kutwa yakitikisa dirisha, vumbi likakaa juu ya mafaili, na kila wiki nilipotoa kichwa nje niliona msingi mpya. Uyole ilikuwa inajengwa kwa hela ya mashangazi. Benki zilikuwepo, lakini zilitaka hati, na mwenye kiwanja alitaka kujenga kwanza ndipo apate cha kuombea hati. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya kila wiki, ilikuwepo pia, na niliona ilichowafanyia watu. Kwa hiyo mwalimu, muuguzi, fundi, wote walikwenda kwa ndugu na kwa rafiki waliyesoma naye. Halafu, wale wachache wenye akili, walikuja kwangu.

Niliwaambia yale yale ambayo nanyi mtayasema mpaka ndimi zikauke. Majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, si "Baba Neema". Hela kwa tarakimu na kwa maneno. Kiwanja kwa namba yake, au kwa majirani wa pande nne kama hakijapimwa. Neno mkopo liandikwe wazi. Tarehe ya kurudisha, na kama inarudi kwa mafungu, kila fungu na mwezi wake. Kama kuna riba iandikwe, ila ukianza kumtoza riba huyu na yule na yule, tayari umekuwa mfanyabiashara wa mikopo na hiyo ina leseni yake. Mke au mume asaini, na asaini baada ya kusomewa, si mlangoni huku ameshika mtoto. Ushuru wa stempu ulipwe, watu wanauona upuuzi mpaka siku karatasi inapokataliwa mahakamani. Na kile kifungu ambacho hakuna anayependa kukisikia: mkopaji akifa, deni hili ni la mirathi yake, lilipwe kabla hakijagawanywa kitu. Nilikuwa nakisoma kwa sauti huku natazama dirishani, nisione nyuso zao.

Alikuja mfanyabiashara wa mpunga kutoka Igawa, mwimbaji mzuri wa besi, akitaka nimwandikie karatasi ya kukusanya hela kwa wanakwaya wenzake wote na marafiki zao ajenge nyumba ya wageni. Kila mmoja alimwahidi faida kila mwezi, jengo likiwa bado nyasi. Nikamweleza kwamba kukopa kwa kaka yako ni jambo moja, na kukusanya hela kwa umma kwa ahadi ya faida ni jambo lingine lenye vibali vyake, na bila vibali hivyo linaweza kumpeleka mtu ndani. Akasema, "Nilisikia wewe ni wakili mwoga, nikafikiri wananitania." Nikamwambia hawakumtania. Akaondoka na besi yake.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba nilikuwa najua. Nilijua kila kitu. Ndipo akaja Shangazi Odilia.

Alikuja na Festo, mtoto wa marehemu kaka yake, mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, na mke wa Festo aliyeitwa Tusajigwe, ambaye wote tulimwita Tusa. Shangazi alikuwa mkulima wa Ilula, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kulima, asiye na mtoto. Alikuwa na shamba la nyanya lenye maji, lile la kando ya kijito ambalo huko mtu haliuzi hivi hivi. Alikuwa ameliuza. Milioni kumi na nane zilikuwa ndani ya kitenge, ndani ya mfuko wa mbolea, chini ya ndoo ya nyanya, na ndoo alikuwa ameishika mapajani kutoka Ilula mpaka Uyole. Festo alikuwa na kiwanja kando ya barabara kuu, na alitaka kujenga fremu nne za maduka ya kupangisha, na vyumba vya kukaa familia nyuma yake.

Nikauliza swali la Mzee Baltazari.

"Inarudi," akasema Festo haraka. "Fremu zikipata wapangaji tu, shangazi anaanza kupata yake."

"Na ikirudi nitanunua shamba lingine lenye maji," akasema shangazi. "Nimeshaliona."

"Basi ni mkopo," nikasema, nikaanza kuandika.

"Usiandike hivyo."

Nikainua kichwa. Shangazi alikuwa amekunja uso.

"Mimi nimkopeshe mtoto wa kaka yangu? Mimi benki? Kaka yangu huko aliko anisikie?"

"Shangazi, ni neno la kwenye karatasi tu."

"Kama ni la kwenye karatasi tu, liondoe. Andika nimemchangia ujenzi. Na yeye atanirudishia akijaliwa."

Festo alikuwa anatazama viatu vyake, kwa aibu ya kweli kabisa. Tusa alikuwa hana mwaka mzima katika ule ukoo, na mke mgeni hazungumzii hela ya shangazi wa mumewe.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimeshawakataa watu wazito zaidi. Lakini yule mama alikuwa na sauti ya marehemu mama yangu, namna ile ile ya kuvuta mwisho wa neno, na alikuwa ameniita "mwanangu" tangu mlangoni. Nilijiambia nimeheshimu mila. Nilijiambia, na hapa ndipo elimu yangu ya chuo ilinisaidia kuwa mjinga zaidi, kwamba mkataba ni nia ya wahusika. Nikaandika "mchango wa ujenzi". Nikaandika kwamba Festo "atarejesha atakapojaliwa". Shangazi akasaini, Festo akasaini, Tusa akasaini kama shahidi, nikagonga mhuri. Nikalipwa elfu hamsini, nikaachiwa na ndoo ya nyanya. Sikuisoma ile karatasi kana kwamba wote wamekufa. Niliisoma kana kwamba wote walikuwa wamekaa mbele yangu wakitabasamu, na kweli walikuwa hivyo.

Woga ulianza wiki iliyofuata, nikiwa nakatakata nyanya zake.

Fremu zilijengwa. Nilizipita kila siku kwenda kazini, kwa hiyo niliziona zikipanda tofali kwa tofali, zikiezekwa, zikipata milango ya chuma ya rangi ya bluu. Akaingia mtu wa dawa za mifugo. Ikaja saluni, kisha wakala wa kutuma hela kwa simu, na mwisho duka la vipuri vya pikipiki. Zote nne zilijaa. Nikasubiri nisikie kwamba shangazi ameanza kupata yake. Nilipokwenda Iringa kwa kesi nilisimama Ilula, nikamkuta kando ya barabara na ndoo zake nyekundu zilizopangwa vizuri.

"Nyanya za shamba lipi, shangazi?"

"Za watu. Nanunua kwao alfajiri, nauza hapa. Mvua ikinyesha wiki nzima basi wiki hiyo sina kitu, maana sina changu."

"Festo ameanza kurudisha?"

Akapanga ndoo iliyokuwa imeshapangwa. "Bado hajajaliwa."

"Umemwuliza?"

"Nitamwulizaje? Nimwambie Mungu amechelewa?"

Nilirudi kwenye gari nikakaa bila kuwasha injini. Hapo ndipo nilipolielewa neno nililoliandika. Kwa deni lenye tarehe unaweza kumdai mtu. Neno hili huwezi kulidai bila kumdai Mungu, na Shangazi Odilia hakuwa mtu wa kwenda kumdai Mungu. Nilikuwa nimemfunga mdomo kwa mhuri wangu.

Nikampigia Festo. Hakuwa mtu mbaya, hilo liwe wazi. Alikuwa na watoto wawili kwa haraka, choo cha nyuma kilikuwa hakijakamilika, na kila mwezi alikuwa anaona kitu kimoja tu cha kumalizia kabla hajajiona amejaliwa. Neno lile lilimruhusu. "Nitakuja turekebishe, mama wakili," akasema. "Shule zikifungwa." Shule zikafungwa, zikafunguliwa. Nikampigia tena, akasema shule zikifungwa. Nikaacha kupita barabara ile. Nikawa nazunguka kwa nyuma kupitia sokoni, mtu mzima na gari lake, ili nisizione fremu nne.

Kisha Festo akaugua kichwa siku ya Jumatatu, na Ijumaa tukamzika.

Baada ya mazishi niliingia ofisini asubuhi mapema, nikaipiga teke ile droo, nikatoa nakala yetu. Nikaisoma kama nilivyofundishwa. Safari hii sikuhitaji kujifanya kwamba kuna mtu amekufa. Nitawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Karatasi ile ilikuwa bado kwenye kompyuta. Ukurasa wa saini ulikuwa peke yake, wa pili. Ningeweza kuchapa upya ukurasa wa kwanza, neno "mchango" likawa "mkopo", na hakuna jicho ambalo lingejua. Nilikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu aliyekula kiapo. Sikufanya. Ningependa kusema ni uadilifu. Ukweli ni kwamba nilikumbuka Festo naye alikuwa na nakala yake, na kwamba sasa ingekuwa mikononi mwa kaka yake.

Huyo kaka aliitwa Gaudensi. Aliishi Iringa, alikuwa amefanya kazi ya karani wa ghala miaka mingi, na alisoma karatasi vizuri kuliko mawakili ninaowajua. Kikao cha ukoo kiliitwa pale pale Uyole, nyuma ya fremu, kumpendekeza msimamizi wa mirathi ili mahakama ya mwanzo imthibitishe. Ilikuwa inajulikana Gaudensi anataka fremu ziuzwe, hela igawanywe, watoto wawekewe chao, mjane apewe chake arudi kwao.

Niliitwa kueleza karatasi. Nilifika mapema, nikamkuta Tusa jikoni anachambua mchele. Alikuwa amekonda. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mama wakili, mtu akifa ana deni, vitu vyake vinagawanywa kabla au baada?"

"Baada. Deni kwanza."

"Kwa hiyo kama deni lipo, hawezi kutokea mtu akauza tu na kugawa."

"Hatakiwi kugawa chochote deni halijalipwa."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa nje. Nilidhani anaongea kwa uchungu tu, ili mikono na mdomo viwe na kazi. Sikufikiri zaidi. Nilikuwa nimeshughulika na kuogopa.

Gaudensi alifika na basi la kwanza. Tusa akamletea chai na chapati, akasema hapana, atakula baadaye. Nilipomwona anaisukuma ile sahani, nikamtambua. Shemeji, ametoka mbali, hajala. Mzee Baltazari alikuwa amemwelezea mtu huyu kabla hata sijajua kuna Festo.

Akavuta kiti kwenye mwanga, akavaa miwani, akafungua karatasi yangu.

"Mama wakili, hii uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"'Mchango.'" Akawatazama watu. "Sisi kwetu, mchango wa harusi ukishatolewa, kuna mtu amewahi kwenda kumdai bibi harusi?"

Mzee mmoja akacheka, akakumbuka yuko msibani, akakohoa.

"Na hapa. 'Atarejesha atakapojaliwa.'" Alisoma polepole, bila ubaya, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mdogo wangu amekufa kiatu chake kimoja kiko kwa fundi. Alijaliwa lini huyu? Marehemu hakujaliwa. Karatasi imekwisha hapo."

Watu wote wakamtazama Shangazi Odilia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mikono yake mikubwa ikiwa juu ya kitenge. Nikajua atakachosema kabla hajafungua mdomo, na nikashindwa kumzuia.

"Mimi sidai," akasema.

Katibu wa kikao, binamu mmoja mwenye daftari, akainama kuandika. Niliona kalamu inagusa karatasi. Maneno mawili kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo, yapelekwe mahakamani, na mama yule angeuza nyanya za watu mpaka afe.

"Katibu, usiandike," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikasimama, maana nilikuwa nimeshavuka mpaka. Nikawaambia kwamba neno lile si la shangazi wala si la Festo kisheria, ni langu. Kwamba siku ile hapa Uyole Festo alisema kwa mdomo wake hela inarudi, nikasikia. Kwamba kazi yangu ilikuwa kuandika mkopo hata wakinichukia, na sikuifanya.

Gaudensi akavua miwani. "Kwa hiyo unatuambia karatasi yako mwenyewe ni mbovu."

"Ndiyo."

"Na ulilipwa."

"Nililipwa. Na ndoo ya nyanya."

"Unajua kuna mahali tunaweza kukushtaki kwa hilo."

"Najua. Nikuandikie anwani?"

Sikuwa nafanya mzaha. Ndivyo ninavyoongea nikiogopa sana. Nilikuwa naiona ofisi yangu imefungwa, mhuri umechukuliwa, na bado shangazi hajapata kitu, maana wakili kukiri kosa si sawa na mtu kulipwa.

Ndipo Tusa akaongea, kutoka mlangoni, ungo ukiwa bado mkononi.

"Shemeji, nilikuwepo. Saini ya shahidi hapo ni yangu. Shangazi alisema ikirudi atanunua shamba lenye maji. Festo akasema fremu zikipata wapangaji ataanza kumpa. Sasa toka nje uhesabu. Zote nne zina watu. Wamelipa kodi ya miezi sita mbele. Tunalala kwenye nyumba yetu, choo kimekwisha. Unasema mume wangu hakujaliwa. Alijaliwa, ila hakuwahi kulikiri. Katibu, andika hapo. Alijaliwa."

Katibu akamtazama Gaudensi. Gaudensi alikuwa anamtazama Tusa, na niliona kwenye uso wake mtu anayesoma karatasi kwa mara ya pili.

"Na kama alijaliwa, deni lipo," akasema.

"Lipo."

"Na likiwepo, hatuuzi."

"Deni kwanza, shemeji. Kodi ndiyo ilipe. Si ndivyo sheria inavyosema, mama wakili?"

Nikasema ndivyo, na kwamba kodi ikitosha kulipa deni hakuna sababu ya kuuza. Ndipo nikaelewa yale maswali yake ya jikoni, juu ya ungo wa mchele. Deni la shangazi lilikuwa kuta nne za Tusa. Maadamu lipo, hakuna mtu angeweza kumwondoa nyuma ya fremu zile. Nilimtazama kwa heshima niliyokuwa nampa Mzee Baltazari. Wazee wakashauriana. Shangazi alikuwa dada wa baba yao, na hakuna aliyetaka kuonekana anamnyang'anya. Wasimamizi wakapendekezwa wawili, Gaudensi na Tusa. Gaudensi akaomba chapati zake, zikiwa zimeshapoa, akazila zote.

Mahakama ilipowathibitisha, walikuja ofisini kuandika makubaliano mapya: kodi ya fremu mbili kwenda kwa Shangazi Odilia mpaka hela itimie, kila fungu na mwezi wake. Wengine wote walikuwa wamesaini. Nikaiweka kalamu mbele yake, nikaishika.

"Kwanza sema, shangazi. Hela hii ni nini?"

"Si umeshaandika."

"Nataka kusikia."

Akautazama mlango. "Mkopo," akasema kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake.

"Sijasikia."

"Wewe mtoto una masikio mabaya. Mkopo. Nilimkopesha mtoto wa kaka yangu. Umefurahi?"

"Sijafurahi. Saini hapa."

Hela haijatimia hadi ninapokabidhi ofisi. Imefika zaidi ya nusu, na kwa hiyo nusu amekodi kipande chenye maji, nyanya anazouza sasa ni zake. Bado naogopa. Saluni ikihama, mwezi huo nina homa. Gaudensi akipiga simu, nakaa chini kwanza.

Juzi shangazi alinipigia. Kuna mjukuu wa ukoo, muuguzi Iringa, amekwenda kumwomba amshike mkono amalizie nyumba ya kupangisha.

"Nimemwambia aje kwako," akasema. "Ila usimwandikie lile neno."

"Mkopo?"

"Hapana. La kujaliwa. Hilo la Mungu, mwachie mwenyewe."

Nikamwambia nimestaafu, ila nimeacha vijana wazuri. Kwa hiyo watakuja kwenu. Shangazi atakuwa na ndoo mapajani, na nawahakikishia kwamba mbele ya yule mtoto neno mkopo litamkwama tena kooni, na atawaita "wanangu" mpaka mlegee. Ile karatasi yangu ya kwanza nimewaachia kwenye droo ya chini. Pigeni teke upande wa kushoto, muisome kabla hawajaketi.